Mtakatifu Sesilia na Kinanda Chake: Hadithi ya Picha Iliyo Ukutani Mwetu



Kila aliyewahi kuingia katika chumba chetu cha mazoezi anaifahamu ile picha iliyo juu ya kabati la vitabu vya nyimbo. Ilikatwa kutoka kalenda kuukuu, mmoja wa wazee wetu wa besi akaitengenezea fremu, na sasa imekaa pale kuliko wengi wetu tulivyokaa katika kwaya hii. Inamwonyesha Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu, akiwa na kinanda kidogo mikononi, na malaika wakipiga ala pande zake mbili. Ndiyo picha tuliyoshona kwenye bendera yetu, na ndiyo mliyoiona kwenye jalada la kijitabu hiki.

Tulipopewa kazi ya kuandika kurasa hizi kwa ajili ya jubilii ya miaka 50, tulidhani itakuwa kazi rahisi. Sesilia ni nani? Ni mpiga kinanda mtakatifu wa Roma, basi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tukiwa watoto wa Utoto Mtakatifu, na hivyo ndivyo tulivyowafundisha wadogo zetu. Lakini tulipokaa na kuisoma hadithi yake kutoka mwanzo, tulipata mshangao. Jambo ambalo sote tulikuwa na hakika nalo halimo ndani yake. Sesilia wa hadithi ya kale hapigi kinanda. Kwa kweli, siku ile inayomfanya awe msimamizi wa waimbaji, hata sauti yake haikusikika.

Tunaomba mtuvumilie tuwasimulie mambo haya kwa utaratibu, kwa sababu mwishoni yanatugusa sisi wenyewe.

DIRISHA LENYEWE

Picha yetu ni ya dirisha la vioo vya rangi. Dirisha hilo liko katika kanisa la Christ Church, mjini Oxford, Uingereza. Ni kanisa la ndugu zetu Waanglikana, na lina kazi mbili kwa pamoja: ni kanisa kuu la jimbo lao la Oxford, na ni kanisa la chuo kinachoitwa pia Christ Church. Waimbaji wamekuwa wakiimba mahali hapo tangu mwaka 1526, na mwalimu wao wa kwanza alikuwa mtungaji maarufu John Taverner. Sisi tunaosherehekea miaka 50 tunawavulia kofia wenzetu wenye miaka kama 500!

Aliyechora dirisha hilo ni Edward Burne-Jones, na waliolitengeneza ni mafundi wa karakana ya rafiki yake, William Morris. Wawili hao walikutana Oxford mwaka 1853 wakiwa wanafunzi, na wote wawili walikuwa na nia ya kuwa wachungaji wa Kanisa. Baadaye waliiacha nia hiyo wakashika sanaa, lakini makanisa hawakuyaacha: michoro ya Burne-Jones ilijaza madirisha mengi ya makanisa ya Uingereza. Dirisha la Sesilia liliwekwa mwaka 1875.

Kwa wale wasiojua kazi hii, dirisha la namna hiyo si kioo kimoja kilichopakwa rangi. Ni vipande vingi vidogo. Rangi nyingi huingizwa kioo kingali uji wa moto, kwa kuchanganya madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu. Manjano hupatikana kwa kupaka dawa iliyotengenezwa kwa madini ya fedha na kuchoma kioo katika tanuri. Nyuso, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi iliyochanganywa na unga wa kioo, kisha huchomwa pia ili mchoro ushikamane na kioo usifutike. Mwishoni vipande hushikwa pamoja kwa vijiti vya risasi. Ukilitazama dirisha hilo kutoka nje mchana, huoni kitu ila giza na mistari ya risasi. Ni lazima uingie kanisani ndipo mwanga upite na picha ionekane.

Chini ya Sesilia na malaika kuna picha tatu ndogo. Katika picha yetu ya kalenda hazionekani vizuri, na upande wa chini wa fremu umezifunika karibu zote. Tulizoea kutazama kinanda tu. Kumbe hadithi yenyewe iko huko chini: Sesilia akimfundisha mumewe, malaika akiwafundisha wote wawili, na kifo chake cha ushahidi.

HADITHI YA SESILIA

Hadithi hiyo iliandikwa huko Roma katika karne ya tano. Inasema hivi.

Sesilia alikuwa binti wa ukoo mkubwa, Mkristo tangu utotoni, wakati ambapo kuwa Mkristo kulikuwa ni kutembea na kifo mfukoni. Moyoni alikuwa amemwahidi Mungu ubikira wake. Lakini wazazi walikuwa wamekwisha kukubaliana na watu wa upande wa pili, akaozwa kwa kijana aitwaye Valeriani, ambaye hakuwa Mkristo.

Siku ya arusi ikafika. Nyumba ilijaa wageni, na wapigaji wakapiga ala zao kama ilivyo desturi ya arusi. Katikati ya kelele hizo za furaha, bibi arusi alikuwa akimwimbia Mungu peke yake moyoni mwake, akimwomba auhifadhi moyo na mwili wake bila doa asije akaaibika. Ombi hilo linafanana sana na Zaburi ya 119, aya ya 80. Hakuna mgeni aliyelisikia.

Walipobaki wawili, Sesilia alimwambia mumewe kwamba yuko malaika wa Mungu anayemlinda. Valeriani, kama mwanamume yeyote angefanya, akataka kumwona huyo malaika. Sesilia akamjibu kwamba atamwona akibatizwa, akamtuma kwa Papa Urbano, aliyekuwa amejificha nje ya mji kando ya barabara ya Apia. Valeriani akaenda, akabatizwa. Aliporudi akamkuta Sesilia akisali, na malaika amesimama karibu naye akiwa na mataji mawili ya waridi na yungiyungi. Taji moja akampa Sesilia, la pili akampa Valeriani.

Baadaye akaingia Tiburti, ndugu yake Valeriani. Hakuona mataji, lakini alisikia harufu ya maua, na hayakuwa majira ya maua. Akauliza, akaelezwa, akaamini, naye akabatizwa. Tangu hapo ndugu hao wawili wakawa wakizika miili ya Wakristo waliouawa, kazi iliyokatazwa. Wakakamatwa na kuhukumiwa na liwali Almakio, wakakatwa vichwa. Pamoja nao akafa Maksimo, ofisa aliyewekwa kuwasimamia, ambaye aliamini kwa kuwaona.

Zamu ya Sesilia ikafika. Liwali aliamuru afungiwe katika bafu la nyumba yake mwenyewe na moto uchochewe mpaka akose hewa. Akakaa humo usiku na mchana, akatoka mzima. Akatumwa mnyongaji, akampiga shingoni kwa upanga mara tatu, na sheria haikuruhusu pigo la nne. Sesilia aliishi siku tatu zaidi. Katika siku hizo aliwagawia maskini mali yake, akawatia moyo waliokuja kumwona, akamwomba Papa Urbano aifanye nyumba yake kuwa kanisa. Kisha akafa.

Wapo watakaouliza kama mambo haya yote yalitokea vivyo hivyo. Wanahistoria wanatuambia kwamba aliyeandika aliandika miaka kama 200 baada ya Papa Urbano, aliyeongoza Kanisa kati ya mwaka 222 na 230, na kwamba masimulizi ya namna hii yaliandikwa ili kujenga imani, si kama ripoti ya mahakama. Hatuna sababu ya kuogopa kusema hivyo kanisani. Lakini heshima kwa jina la Sesilia ni ya kale mno. Jina lake limo katika Sala ya kwanza ya Ekaristi, pamoja na Perpetua, Agata na Lusia. Kanisa lenye jina lake lipo Trastevere, Roma, juu ya magofu ya nyumba ya Kirumi, na mahujaji huonyeshwa humo chumba cha bafu mpaka leo. Na Kanisa liliporekebisha kalenda ya watakatifu mwaka 1969, sikukuu yake ya tarehe 22 Novemba ilibaki mahali pake.

KINANDA KILITOKA WAPI?

Sasa turudi kwenye swali lililotushangaza. Kama hadithi haisemi kwamba Sesilia alipiga kinanda, nani alimpa kinanda?

Jibu liko katika sentensi moja, ile ya siku ya arusi. Hadithi iliandikwa kwa Kilatini. Neno lililotumika kwa ala za arusi ni *organa*, ambalo zamani lilikuwa na maana ya vyombo vya muziki kwa jumla. Miaka ikapita, na neno hilo hilo likaja kuwa jina la kinanda cha kanisani. Tena, sentensi hiyo ilipochukuliwa na kufanywa antifona ya kuimbwa siku ya sikukuu yake, ilifupishwa. Katika kufupishwa, yale maneno yanayosema kwamba aliimba *moyoni mwake* yaliachwa. Aliyeisikia antifona hiyo akasikia mambo mawili tu: vinanda vinalia, na Sesilia anamwimbia Bwana. Kwa nini asidhani kwamba ndiye aliyekuwa akipiga?

Picha za zamani zinatusaidia kuona jambo hili. Papa Paskali wa Kwanza alilijenga upya kanisa la Trastevere kati ya mwaka 817 na 824. Katika picha ya mawe madogo ya rangi iliyo nyuma ya altare, Sesilia amesimama akiwa ameweka mkono begani mwa Papa huyo, kama mama anayemleta mgeni sebuleni. Hana kinanda. Hata mwaka 1600, mchongaji Stefano Maderno alipotengeneza sanamu yake ya marumaru nyeupe kwa kanisa hilo hilo, alimlaza kwa ubavu, uso umegeuzwa, alama ya upanga shingoni. Hapo pia hana kinanda. Mahali alipofia hawakuona haja ya kumpa.

Lakini kwingineko wachoraji walikuwa wamekwisha kumpa vinanda vya kila aina, na wanamuziki wakamchukua kuwa wao. Mwaka 1585 Papa Sixtus wa Tano aliidhinisha chama cha wanamuziki wa Roma, kikawa chini ya usimamizi wa Mtakatifu Gregori na Mtakatifu Sesilia. Chama hicho kipo mpaka sasa. Watungaji wakubwa kama Purcell na Handel walimtungia nyimbo za sikukuu yake. Hivyo kosa dogo la kusoma likamletea Sesilia watoto wengi duniani, na kwaya zetu za Kenya zinazoitwa kwa jina lake zimo.

Yuko mchoraji mmoja aliyeelewa vizuri. Ni Raphael, ambaye mnamo mwaka 1515 alimchora Sesilia kwa ajili ya kanisa moja la Bologna, Italia. Katika picha hiyo Sesilia ana kinanda kidogo, ndiyo, lakini amekiinamisha kuelekea chini na mabomba yake yanaanza kuchomoka. Miguuni pake zimetupwa ala nyingine, zimevunjika. Yeye ametazama juu, anasikiliza malaika wanaoimba mbinguni bila ala yoyote. Wimbo wa kweli unatoka kwingine.

NA SISI JE?

Ndugu wapendwa, hapa ndipo tulipolazimika kuweka kalamu chini na kutazamana.

Wazee wa kwaya wanakumbuka tulivyoanza: sauti, ngoma moja, na kayamba mbili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa Desemba 1963 hati yake juu ya liturjia, ukafungua mlango wa lugha zetu na muziki wetu, na waliotutangulia waliingia kwa mlango huo wakicheza. Bibi zetu waliokuwa wamekaa kimya kwenye Misa ya Kilatini wakapiga vigelegele wakati wa Utukufu.

Kisha ukaja mwaka tuliofanya harambee tukanunua kinanda cha umeme. Waliokuwapo wanajua kilichofuata. Wapo waliosema kwamba ngoma na kayamba sasa ziwekwe kando, kwa sababu zinafunika kinanda na kwa sababu kwaya za mjini haziimbi hivyo. Wapo waliokataa. Maneno yalikuwa makali. Na katika mkutano ule wa jioni, mmoja wetu alisimama akanyosha kidole ukutani, akasema: "Kwani hamwoni? Sesilia mwenyewe anapiga kinanda!" Wengi wetu tukapiga makofi. Mjadala ukaishia hapo.

Waliokuwa wakipiga kayamba waliziweka chini ya kabati, wakatoka. Wengine walienda kuimba kwenye vigango. Wengine waliendelea kuja Misa, lakini wakakaa nyuma kabisa karibu na mlango, na ilipofika zamu ya kupeana amani tuliwapa mkono haraka na macho tukayaelekeza pengine. Wawili kati yao tumewazika, na tuliimba katika mazishi yao, kwa kinanda.

Tulikuwa na picha ukutani na tukaitumia kama rungu. Hatukujua kwamba fremu ilikuwa imefunika hadithi yenyewe. Kama tungeisoma, tungeona kwamba katika arusi ile kinanda hakikuwa cha Sesilia. Kilikuwa cha wageni. Cha kwake kilikuwa ule wimbo ambao hakuna aliyeusikia ila Mungu.

Hatusemi kwamba kinanda ni kibaya. Tunakipenda, na vijana wetu wanakipiga vizuri mno. Leo mtawasikia wenyewe. Wala hatusemi kwamba kayamba ni takatifu kuliko kinanda. Vyote viwili ni *organa*, ni vyombo tu. Swali ambalo Sesilia anaiuliza kwaya si "unapiga nini?" Ni "moyoni unamwimbia nani, wakati ala zinalia?"

Tunafikiri pia juu ya mama yetu mmoja wa alto, ambaye tangu afanyiwe upasuaji wa koo hawezi tena kuimba. Kila Jumamosi anakuja mazoezini. Anavaa sare, anashika kitabu, anafungua ukurasa, midomo yake inatembea na hakuna sauti inayotoka. Wageni humuuliza kwa nini asipumzike nyumbani. Sisi tulikuwa tukimwonea huruma. Baada ya kuisoma hadithi hii, tunamwona kwa jicho lingine. Kati yetu sote, ndiye anayeimba kama Sesilia alivyoimba siku ya arusi yake.

MWAKA WA JUBILII

Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa 50 ni mwaka wa baragumu na wa kuachiliwa. Kila mtu anarudi kwenye urithi wake na kwa jamaa yake. Kwa hiyo kwaya haiwezi kusherehekea miaka 50 kwa keki na sare mpya peke yake.

Tulipeleka jambo hili kwa wanakwaya wote, na wote wakakubali. Tumewaandikia barua wenzetu waliotoka, mmoja mmoja, tukaomba radhi bila kuongeza "lakini". Tumewaendea nyumbani. Mzee mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama zile kayamba zipo bado. Zipo. Zilikuwa chini ya kabati, chini ya picha. Tumezifuta vumbi, na moja imebadilishiwa mabua.

Leo wakati wa matoleo mtazisikia, pamoja na kinanda. Wenzetu hao wameketi mbele, katika viti vya wanakwaya, kwa sababu ni viti vyao. Tunawaomba waumini wote wawapokee, na mnapofika wakati wa kupeana amani, tafadhali msiharakishe.

Ile picha nayo tumeitoa kwenye fremu na kuiwekea fremu kubwa zaidi, ili zile picha tatu za chini zionekane. Iko leo kando ya altare ndogo ya Bikira Maria. Baada ya Misa piteni mwitazame: Sesilia akimfundisha mumewe, malaika akiwafundisha wote wawili, na kifo chake. Waonyesheni watoto, muwasimulie. Wakiuliza kuhusu kinanda, waambieni ukweli: ni kizuri, alipewa baadaye, na yeye aliimba kabla hajapewa.

 Tuliowakosea, tunawaomba mtusamehe. Waliotutangulia mbele ya Bwana, wapumzike kwa amani.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.